Kabla ya kununua turbo mpya: Barabara ya Iringa hadi Mbeya na valvu ndogo inayosahaulika

Gari linalotoka Morogoro kwenda Iringa hupita kwanza kwenye bonde la mibuyu, karibu na Mto Ruaha Mkuu, mahali ambapo joto huwafanya watoto wadai maji kila baada ya dakika chache. Ruaha Mbuyuni iko kwenye mwinuko wa takriban mita 500 tu kutoka usawa wa bahari. Muda mfupi baadaye barabara inaanza kuukwea Mlima Kitonga: ukuta wa mwamba upande mmoja, korongo upande mwingine, na katikati msururu wa malori yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Familia ikifika Iringa mjini, iko juu ya mita 1,500, na masweta yanatafutwa kwenye mabegi.

Kupanda huko kwa zaidi ya kilomita moja kwenda juu ndiko kunakotoa siri za magari mengi ya turbo. Gari lililokuwa zima kabisa kwenye foleni za Dar es Salaam linafika Kitonga na kuwa kama limebeba mawe. Baba anakanyaga mafuta, injini inanguruma, mwendo hauji. Nyuma kuna basi linapiga honi, mbele kuna lori la mzigo wa Tunduma, na kwenye kiti cha nyuma kuna watoto watatu.

Wakifika kwenye gereji ya kwanza, hukumu huwa fupi: "Turbo imekufa, tafuta nyingine." Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi tatizo liko kwenye kidude kidogo kinachokaa kwenye kiganja cha mkono, kinachoweza kusafishwa asubuhi moja kwa kopo la dawa ya kupuliza. Mzazi anayekijua kidude hicho anaweza kuokoa fedha ya ada ya muhula mzima.

Maharage ya Mbeya na hewa ya mlimani

Mama aliyehamia Mbeya kutoka Pwani hugundua jambo moja jikoni mapema: maharage yanachelewa kuiva. Si kosa la mkaa. Katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, ambako Jiji la Mbeya limekaa, maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 badala ya 100, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni nyepesi zaidi.

Wepesi huohuo wa hewa ndio unaoichosha injini. Injini huchoma mafuta kwa kutumia hewa, na hewa ya Iringa ina mgandamizo pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 17. Mafinga, ambako barabara inakaribia mita 1,900, upungufu unafika kama asilimia 20. Gari la kawaida lisilo na turbo, lenye nguvu za farasi 100 Kariakoo, linabaki na kama 80 likifika kwenye misitu ya Mufindi. Dereva anajua hivyo, anashusha gia na kwenda taratibu.

Gari la turbo halipaswi kuteseka kiasi hicho. Turbo ni feni mbili kwenye ekseli moja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza, nayo inazungusha ya pili, ambayo inasukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye injini. Feni hizo zinaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, turbo inazunguka kwa kasi zaidi ili kufidia.

Kwa kweli turbo na mlima ni marafiki wa zamani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Mwaka 1918, mhandisi wa Marekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege yenye turbo hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,300 juu. Bila turbo, injini ilipoteza karibu theluthi moja ya nguvu zake kule juu. Turbo ilipofanya kazi, nguvu zilirudi. Kwa hiyo gari la turbo linaloshindwa na Kitonga linasema wazi kwamba kuna kitu hakiko sawa.

Kidude chenyewe

Turbo ikiachwa isukume hewa bila kikomo, injini itapasuka. Ndiyo maana pembeni yake kuna kilango kidogo. Kikifunguka, sehemu ya moshi inapita pembeni bila kuzungusha feni, na presha inatulia. Kilango hicho kinavutwa na kijiti kilichounganishwa na kikopo cha bati chenye springi ndani. Presha ya hewa ya turbo ikiingia kwenye kikopo kupitia mpira mwembamba na kuishinda springi, kilango kinafunguka.

Kati ya turbo na kikopo ndipo inapoingia solenoidi ya presha ya turbo. Ni valvu inayofunguka na kujifunga kwa umeme, ikiamriwa na kompyuta ya gari mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kazi yake ni kuiibia kidogo presha inayokwenda kwenye kikopo na kuirudisha kwenye njia ya kuingizia hewa, ili kilango kichelewe kufunguka na turbo isukume zaidi pale dereva anapohitaji nguvu.

Sasa fikiria valvu hiyo imejaa mvuke wa oili uliochanganyika na vumbi hadi ukawa kama lami. Ikiganda ikiwa imefungwa, presha yote inakwenda kwenye kikopo, kilango kinafunguka mapema, na turbo inabaki kusukuma kile kiasi cha chini kilichowekwa na springi. Mjini Dar dereva anaweza asigundue kwa miezi. Huku juu, ambako hewa ya kuanzia ni nyepesi na barabara imeinuka, gari linaishiwa pumzi.

Kwa Watanzania wengi, gari linalohusika ni Subaru Forester au Impreza ya turbo iliyotumika Japani. Forester yenye tundu la kuvuta hewa juu ya boneti kwa kawaida ni ya turbo, ingawa si kila gari la turbo lina tundu hilo. Baadhi ya pikapu na magari ya dizeli nayo yana valvu ya aina hii, ila yao hutumia mvuto wa pampu ya hewa badala ya presha. Dizeli nyingi za karibuni zinatumia mota ndogo ya umeme kwenye turbo yenyewe, na hizo hazina valvu hii ya kusafisha. Jambo la kwanza, basi, ni kumuuliza fundi gari lako lina mfumo gani.

Kusimama Ipogolo

Barabara kuu haipandi hadi katikati ya mji wa Iringa. Inapita chini, Ipogolo, na mji umekaa juu ya kilima. Kwa kuwa Kitonga imeshapitwa na Mbeya bado iko zaidi ya kilomita 300 mbele, hapa ndipo mahali pa busara pa kulikagua gari. Watoto wanaweza kupandishwa mjini na mama, wakala chakula na kutazama mawe makubwa ya Gangilonga, wakati injini inapoa. Kupoa ni lazima: turbo iliyotoka kupanda mlima inaunguza mkono.

Fundi makini haanzi kwa kufungua. Anaanza kwa kulipima gari kwa kompyuta. Namba za P0243 hadi P0246 zinahusu solenoidi au kilango cha turbo, P0299 inasema presha ni ndogo kuliko inavyotakiwa, na P0234 inasema imezidi. Namba hizo zinaonyesha mtaa, si nyumba. Fundi anayesoma namba moja na kuagiza turbo papo hapo hajamaliza kazi.

Baada ya hapo anafuata mipira kwa mkono na macho, mmoja mmoja. Mpira uliopasuka au uliochomoka klipu unaleta dalili zilezile, na dawa yake ni mpira mpya. Anaangalia pia kichujio cha hewa, kwa sababu safari moja ya vumbi kwenye barabara za udongo za vijijini inatosha kukiziba.

Mipira ikiwa mizima, kazi ya kusafisha inakwenda hivi:

Kwanza, picha inapigwa kwa simu, kisha kila mpira unawekewa alama ya kalamu au utepe. Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini ndiyo muhimu kuliko zote. Mipira ikibadilishwa nafasi, kikopo kinaweza kukosa presha kabisa, kilango kisifunguke, na turbo ikasukuma kupita kiasi. Hapo kosa la dakika moja linaua injini.

Pili, ufunguo unatolewa, waya wa hasi wa betri unafunguliwa, soketi ya solenoidi inachomolewa kwa kubonyeza kishikizo chake bila kuvuta waya, na boliti yake inafunguliwa. Mipira ya zamani imekauka, hivyo inazungushwa taratibu kabla ya kuvutwa. Kwenye Subaru nyingi, ndani ya mmoja wa mipira kuna kipande kidogo cha chuma chenye tundu jembamba kinachopunguza mwendo wa hewa. Kipande hicho ni sehemu ya hesabu ya presha, si takataka. Kikipotea, gari halitakuwa lilelile.

Tatu, dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, au ile ya kusafishia kabureta, inapulizwa kwenye matundu ya valvu mpaka kinachotoka kiwe safi. Upande wa soketi unakaa juu ili maji ya dawa yasiingie kwenye pini. Petroli ya kwenye chupa na mti wa kiberiti wa kuchokolea havina nafasi hapa: moja ni hatari ya moto, kingine kinakwaruza na kuacha vipande ndani.

Nne, valvu inapewa umeme wa betri wa volti 12 kwa sekunde moja au mbili, kisha unakatwa, mara kadhaa, kwa waya wenye fyuzi. Jaribio hili linafanywa mbali na sehemu yenye mvuke wa dawa, na baada ya valvu kupeperushwa upepo, kwa sababu dawa hizo zinashika moto. Kila mara inapaswa kusikika "tak". Fundi akipuliza kwenye tundu, hewa inapaswa kubadili tabia kati ya hali ya kuwa na umeme na kutokuwa nao. Sauti isiposikika, anapima kwa multimita: waya wa ndani ukiwa umekatika, hakuna dawa ya kupuliza itakayoufufua, na valvu inabadilishwa. Bado bei ya valvu ni ndogo sana ikilinganishwa na ya turbo.

Tano, inaachwa ikauke kabisa, inarudishwa kwa kufuata picha, na namba za makosa zinafutwa. Majaribio ya kwanza anayafanya fundi na mwenye gari, kwenye kipande kilichonyooka. Watoto wanabaki mjini. Gari linalojaribiwa si gari la abiria.

Mafinga hadi Makambako: kusikiliza gari

Kutoka Iringa kwenda Mafinga barabara inapita karibu na Isimila, kilomita zipatazo 20 kutoka mjini, ambako mvua na upepo vimechonga nguzo ndefu za udongo na ambako zana za mawe za watu wa kale zimepatikana. Ni mahali pazuri pa kuwanyoosha watoto miguu. Baada ya hapo inakuja misonobari na mikaratusi ya Sao Hill, malori ya mbao, na baridi ambayo kati ya Juni na Agosti huingia hadi kwenye mifupa.

Kipande hiki cha kupanda na kushuka kwa upole ndicho shule nzuri ya kulisikiliza gari. Lililopona linavuta kwa mfululizo kadiri mafuta yanavyokanyagwa, bila kushtuka. Likivuta vizuri kisha likakata ghafla kama mtu aliyeshikwa shati, huenda presha inazidi na kompyuta inajilinda kwa kukata mafuta. Dereva haendelei kubahatisha: anapunguza mwendo na kurudi kwa fundi. Likiendelea kuwa zito, na filimbi ya hewa ikasikika kila anapokanyaga mafuta, kuna mahali hewa inavuja kati ya turbo na injini.

Kuna dalili ambazo kusafisha valvu hakutaziponya. Moshi wa bluu, oili inayopungua kila wiki, sauti ya chuma kusaga chuma: hizo ni dalili za turbo au injini yenyewe, na hapo fundi aliyesema "turbo imekufa" anaweza kuwa sahihi. Vilevile valvu iliyosafishwa ikijaa oili tena baada ya muda mfupi, swali si valvu tena. Swali ni oili hiyo inatoka wapi, na jibu mara nyingi liko kwenye mfumo wa kupumulia wa injini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kinga ni ya kawaida na haina siri: oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, ibadilishwe kwa wakati, kichujio cha hewa kiwe safi, na baada ya mlima mrefu injini iachwe inguruma taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili oili iipoze turbo.

Mtihani wa pili: Igurusi hadi Uyole

Makambako ni njia panda. Kushoto ni Njombe na Songea, mbele ni Mbeya, na reli ya TAZARA nayo inapita hapa. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na waliochora njia yake walipambana na milima hiihii.

Baada ya Makambako nchi inateremka. Ifikapo Igawa na Chimala, familia iko kwenye Bonde la Usangu, kwenye mwinuko wa kama mita 1,100, mashamba ya mpunga upande wa kulia na ukuta wa milima ya Kitulo upande wa kushoto. Joto linarudi, masweta yanavuliwa, na dereva anasahau Kitonga. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu baada ya Igurusi barabara inaanza kupanda tena kupitia Inyala kuelekea Uyole. Uyole ndiyo sehemu ya juu kuliko zote kwenye reli nzima ya TAZARA, mita 1,789.

Kupanda huku ni kwa barabara yenye njia moja kila upande, yenye malori ya kwenda na kutoka Zambia, Malawi na Kongo. Hapa ndipo kidude cha kwenye kiganja kinapokuwa jambo la uhai. Dereva anayelipita lori hupiga hesabu kichwani: umbali wa lori lijalo, urefu wa lori la mbele, na nguvu ya gari lake. Hesabu hizo mbili za kwanza anaziona kwa macho. Ya tatu anaiamini tu. Gari ambalo presha yake inakuja na kupotea linaivunja hesabu hiyo katikati, likiwa tayari upande usio wake.

Kwa hiyo sheria ya nyumba inaweza kuwa fupi: gari ambalo limewahi kukosa nguvu mara moja katika safari hiyo halipiti lori mlimani mpaka limechunguzwa, hata kama limeonekana kupona. Linakaa nyuma, gia ya chini, umbali wa kutosha. Watoto watalalamika kwamba basi limewapita. Waache walalamike.

Kazi ya mikono na watoto wanaotazama

Mbeya inapotokea, Mlima Loleza ukiwa juu ya mji, safari ya gari inaishia lakini somo linaweza kuendelea. Jiji hili lina utamaduni mzito wa ufundi. Kuna maduka ya spea na gereji Mwanjelwa na maeneo ya jirani, kuna VETA, na kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya. Kijana anayeuliza kwa nini gari lilichoka Kitonga ameuliza swali la fizikia, na jibu lake liko kwenye sufuria ya maharage ya shangazi yake.

Mzazi hahitaji kuwa fundi. Anahitaji maswali manne ya kuuliza kabla ya kutoa fedha: Je, gari limepimwa kwa kompyuta, na namba gani imetoka? Mipira yote imekaguliwa? Solenoidi imetolewa, ikasafishwa na kujaribiwa kwa umeme? Ekseli ya turbo imetikiswa kwa mkono kuona kama imelegea? Fundi mzuri atafurahia maswali hayo na kuonyesha majibu kwa kidole. Anayekasirika amejibu pia.

Na siku ya kurudi, mteremko wa Kitonga utakuwa ukisubiri. Huko nguvu ya turbo haisaidii kitu. Kinachohitajika ni breki nzima, gia ndogo, na dereva asiye na haraka.